Mwaka wa Kumfulia Kiprono

Shiru alinipigia simu nikiwa dukani, nachambua maharagwe, akaniuliza kwanza kama nimeketi. Mtu wa Mai Mahiu akikuuliza kama umeketi, ujue kuna maiti. Nikamwambia nimeketi, ingawa nilikuwa nimesimama, naye akanieleza kwamba Kiprono amefariki, kwamba ni ugonjwa wa sukari, kwamba alifia kitandani kwake huko Rongai mkewe akiwa kando, na kwamba mazishi yatakuwa Ijumaa. Nilimshukuru, nikaendelea kuchambua. Alikuja mteja nikampimia, tukaongea habari ya mvua. Ni baadaye, nilipokuwa nafunga mdomo wa gunia, ndipo nilipoona nimeufunga kwa mafundo matano, na kilichonifungisha hakikuwa huzuni. Ilikuwa ile hofu ya zamani. Mwaka mzima wa ujana wangu niliishi nikiingoja habari hiyo hiyo, na sasa imenifikia nikiwa mama wa watoto wakubwa, mwenye duka Nakuru na magoti yanayouma, na Kiprono, dereva wa malori, hata hakufia barabarani. Nikacheka peke yangu, kicheko kisicho na furaha, nikafunga duka mapema.

Nilikozaliwa na jinsi nilivyofika Mai Mahiu si habari ya kumsaidia mtu yeyote. Tuanzie jikoni. Hoteli ya Mama Kui ilikuwa ya mabati, imeupa mlima mgongo na barabara kuu uso. Mbele kulikuwa na meza ndefu na mabenchi, halafu ukuta wa mbao wenye dirisha dogo la kupitishia sahani, na nyuma ya dirisha hilo tulikuwa mimi na Shiru, chapati, matumbo, githeri na birika la chai lisilotoka motoni. Upepo wa pale una vumbi lake. Tulifunika kila sufuria na bado mteja alitafuna mchanga kidogo, na waliozoea hawakulalamika. Malori yalipomaliza kuteremka kutoka juu yalikuja na harufu ya breki zilizoungua, harufu inayokaa kooni, na mpaka leo nikiipata popote natafuta kitu cha kushika. Tulilala nyuma ya hoteli, mimi na Shiru, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia la maua, na nje ya mlango wetu kulikuwa na kamba za kuanikia nguo, kamba juu ya kamba, ovaroli na shati na soksi zikipigwa na upepo kutwa nzima.

Kamba hizo ndizo zilizokuwa gazeti letu. Dereva wa masafa marefu anaishi ndani ya kabini, nguo zake huchafuka kwa oili na vumbi, na lazima apate mtu wa kumfulia. Lakini kulikuwa na kufua na kufua. Kama dereva amekupa nguo, akangoja zikauke huku anakula, akazichukua akaenda, huyo ni mteja kama mteja wa chai. Lakini akikuachia nguo chafu akaenda zake mpaka Malaba au Kampala, akirudi akachukua zilizo safi na kuacha nyingine, basi nyinyi ni watu, na hakuna aliyehitaji kuuliza zaidi. Wanawake wa pale hawakuuliza kama mwanamume anakupenda. Waliuliza kama ameacha nguo. Na akizibeba zote, hata kama ameaga kwa kicheko na kukununulia soda, mambo yamekwisha. Mama Kui, aliyekuwa amezika mume mmoja na kufukuza mwingine, alipenda kutuambia kwamba dereva hana mdomo, ana mfuko wa nguo.

Kiprono hakika hakuwa na mdomo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye kula taratibu kama mtu anayehesabiwa tonge, na alikuwa amepanda kutoka utanboi, kazi ya msaidizi wa dereva, mpaka usukani bila kuvunja hata kioo cha kando. Wenzake waliacha sahani mezani. Yeye aliirudisha dirishani mwenyewe, na ndivyo nilivyoanza kumtazama. Siku moja, mahali pa sahani, alipitisha mfuko.

"Utaniangalizia hizi?" akasema.

"Mpaka lini?"

"Mpaka nirudi."

Shiru alipiga kigelegele kidogo ndani ya kikombe. Mimi nilitoka na mfuko ule mpaka kwenye karai naimba, na kabla sijamaliza kuchota maji, wimbo ukanikatikia kinywani. Nakumbuka mahali niliposimama. Nilikuwa nimeshika shati la mtu aliye njiani, kwenye barabara ile ambayo kila wiki tulisikia habari zake, na ghafla nikajua kwamba anaweza asirudi. Kesho yake nilikuwa mtu mwingine. Wasichana wa rika langu walikuwa wanaogopa mimba na njaa. Mimi niliogopa injini.

Niliogopa mambo mawili, na yalikuwa yanapokezana zamu. La kwanza ni barabara. La pili ni vituo, kwa maana kila mtu alijua dereva hutua mahali pengi, na lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kwa hiyo nilikuwa napekua nguo kabla ya kuzitia majini. Nilinusa sabuni ambayo si yangu. Nilichunguza vifungo, nikikumbuka ni kipi kilikuwa kimelegea na sasa kimekazwa na nani. Nilitafuta unywele kwenye kola. Nisipopata kitu sikutulia, nilijiambia tu kwamba huyo mwingine ni mjanja kuliko mimi. Shiru alinikuta siku moja nimeugeuza mfuko wa suruali nje, naunusa, akasema hata mbwa wa polisi hupewa siku ya kupumzika.

Kisha likaja lile la dirishani. Nilikuwa nimeketi chini nachonga viazi, kichwa changu chini ya dirisha, madereva upande wa pili hawanioni. Walikuwa wanatania, kila mmoja na habari zake, na mmoja wao akamuuliza Kiprono kama yule msichana wa jikoni ni wake. Nikaacha kisu.

"Huyo?" akasema Kiprono. "Huyo ananifulia tu."

Wakacheka, wakageukia habari ya mizani ya kupimia malori. Leo ninapolifikiria jambo hilo naona kijana mwenye haya kati ya wanaume wenye midomo, asiyetaka jina langu lipitishwe mezani kama chumvi. Nimekuwa na watoto wa kiume, najua wanavyoficha kitu wanachokithamini. Lakini siku hiyo sikuona hivyo. Nilitoka nje, nikazitoa nguo zake kwenye kamba zikidondoka maji, nikazisokomeza mfukoni, nikampitishia dirishani mbele ya wote. Kiprono aliupokea mfuko uliokuwa unavuja, akanitazama, akautazama, akatoka kwenda kukagua tairi. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yake ya kila kitu. Ukimuuliza swali la moyo, anakwenda kuangalia tairi.

Wiki kadhaa alikula hoteli ya ng'ambo ya barabara. Niliona lori lake limeegeshwa pale, kabini ya buluu, na nilijua mgongo wake kwenye benchi la watu. Halafu mchana mmoja akatokea dirishani na mkungu wa ndizi za Kisii na mfuko uleule, hakusema pole, sikusema karibu, nikaupokea. Na hivyo ndivyo mwaka ulivyokwenda. Nilimrudishia nguo mbichi kwa sababu alichelewa, kwa sababu aliwahi, kwa sababu alicheka na binti wa mama muuza viazi. Yeye alizibeba mara moja kwa hasira yake mwenyewe, nikaugua, nikashindwa kumeza hata uji. Kisha viazi vya Molo, au samaki wa Kisumu waliofungwa kwenye gazeti, na mfuko. Shiru alituita stima, umeme wa kwetu: inapotea bila sababu, inarudi bila sababu, na bili ni ileile. Sisi wenyewe tulicheka. Lakini kila aliporudi nilikuwa na woga zaidi ya mara ya kwanza, maana sasa nilijua vizuri jinsi kuondoka kwake kunavyouma.

Safari moja nilipata shati ambalo kola yake ilikuwa imegeuzwa. Watu wa siku hizi hununua shati jingine, lakini zamani kola ikichakaa ilifumuliwa, ikageuzwa upande mzima ukaja juu, ikashonwa upya. Kola hii ilikuwa imeshonwa kwa mkono, kwa uzi mwembamba wa buluu, mishono midogo na iliyonyooka ambayo mimi nisingeiweza. Nilikaa chini kwenye majivu ya jiko. Kufua kila mtu hufua, lakini mwanamke wa kugeuza kola ya mtu taratibu hivyo ni mke. Aliporudi nilimwekea shati mezani na kumuuliza ni nani. Nilitegemea tairi. Badala yake alikwenda kuongea na Mama Kui, akarudi kuniambia nivae sweta, tunaenda Nakuru.

Chumba chake kilikuwa mtaa wa Free Area, ndani ya ploti yenye bomba moja na watoto wengi. Nilikuwa nimejitayarisha kukuta mwanamke mlangoni. Nilikuta kitanda kilichotandikwa, stovu ya mafuta, sufuria zimepangwa kwa ukubwa, na kalenda ya kanisa. Aliniketisha kitandani kwa kuwa hakukuwa na kiti. Alipika ugali, akaunga sukuma wiki kwa maziwa kama wanavyounga kwao, na majirani wakawa wanapitapita nje wakisema kwa sauti isiyofichwa kwamba leo Kiprono ana mgeni, afadhali, walianza kudhani ni padri. Tulipomaliza kula akatoa chini ya mto kijaluba cha sindano. Akachukua shati jingine, akafumua kola yake kwa wembe, akaigeuza, akaanza kuishona mbele yangu, mishono midogo iliyonyooka, uzi wa buluu. Alikuwa amejifunza kushona kwenye maturubai ya lori, akaniambia, tanboi asiyejua sindano hunyeshewa mzigo. Alishona mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akanipa shati.

Nililia. Nilikuwa na furaha ambayo sijui kama niliwahi kuipata tena kwa kiasi hicho. Naye akasema maneno mengi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema kwa pamoja.

"Mwezi wa kumi na mbili nataka twende kwetu kwa mathe, mamangu akuone. Nimeshamwambia. Lakini wewe, Wairimu, unaogopa nini?"

Nikasema siogopi kitu. Akatoka kuteka maji, na kabla hajafika bombani nilikuwa nimeinua mto wake kuangalia kuna nini kingine.

Hilo ndilo jambo ambalo ndani yake niliuona mwaka wangu wote, na lilinitisha kuliko barabara. Nilikuwa nimeoneshwa kwa macho, kwa sindano na uzi, na hofu haikupungua hata kidogo. Haikuwa inakula ushahidi. Basi Kiprono, ambaye aliamini kwamba kila kitu kina dawa ukikaza nati inayofaa, alifanya alichojua. Aliporudi Mai Mahiu aliniletea nguo zake zote. Si za kazini tu. Aliniletea koti, suruali ya kanisa, sweta aliyofumiwa na mamake, hata blanketi la kabini. Kamba zilijaa mwisho hadi mwisho, na wanawake wa hoteli za jirani walikuja kutazama na kunipa mkono. Mama Kui alianza kuniita bibi arusi. Na mimi niliacha kulala. Nilijifunza sauti ya ekzosi ya lori lake nikaitafuta katika kila lori, nikaunguza chapati, nikamwaga mafuta. Nilikonda mpaka sketi zikawa zinazunguka. Mama Kui alinivuta kando akaniambia kwamba kwa mwendo huu nitamtangulia huyo mtu kaburini, na kwamba mwenye kuogopa sana mwisho humwita nyoka kwa jina akaja.

Asubuhi moja ya ukungu, ukungu ule unaokaa kwenye mteremko ukameza barabara nzima, mtu aliingia hotelini akasema lori limekosa breki huko juu. Akaulizwa rangi. Akasema kabini ya buluu. Sikumbuki kuondoka. Nakumbuka napanda ile barabara nikiwa na unga mikononi, magari yamesimama yote, watu wananipita wakikimbia na wengine wakirudi na vitunguu ndani ya leso zao, maana mzigo ulikuwa umemwagika na binadamu ni binadamu. Lori lilikuwa limelala ubavu. Kabini ilikuwa imebanwa kwenye mwamba, buluu, na turubai lilikuwa la kijani kama lake. Sikuweza kuona namba. Watu walikuwa wamesonga, wanaitana, wanatafuta nyaya za kuvutia, na mimi nilisimama kando ya mtaro.

Nikaomba. Kama mtu angenisikiliza wakati huo, angedhani naomba maisha yake. Niliomba hivi, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba usingizi: awe yeye. Awe yeye, iishe. Nilikuwa nimechoka hivyo. Nikajisikia nikisema, nikajua maana yake, na bado nikarudia. Sijawahi kuogopa chochote duniani, wala barabara, wala mwanamke mwingine, wala kufa kwangu mwenyewe, kama nilivyojiogopa mimi pale mtaroni.

Mkono ulinishika begani. Alikuwa Kiprono. Lori lake lilikuwa limekwama juu kwenye foleni, akaliacha na tanboi, akateremka kwa miguu kwa kuwa alijua habari itanifikia kabla yake. Aliyekuwa ndani ya kabini alikuwa dereva mgeni, hakuna aliyemfahamu, na alikuwa ameshafariki. Kiprono hakuwa mtu wa kunishika mbele za watu, lakini siku hiyo alinikumbatia kati ya vitunguu na vilio. Alirudia jina langu. Nilimpigapiga mgongoni, na kwenye koti lake nikaacha alama za unga. Ndani nilikuwa nimeshaondoka.

Alipokwenda safari iliyofuata nilifua kila kitu. Nilianika, nikapiga pasi ya makaa, nikakunja moja moja, koti, sweta, blanketi, nikafunga kwa kamba. Shiru aliponiona na pasi akaanza kulia, maana pale kila mwanamke alijua: nguo mbichi ni ugomvi, zilizopigwa pasi ni kwaheri. Aliniuliza amefanya nini. Nikamwambia hajafanya kitu. Nikamwomba asimwambie nilikokwenda, nikaja hapa Nakuru, palepale penye chumba chake, ambapo hangedhani kunitafuta, kwa mama mmoja wa nafaka aliyehitaji mikono. Baadaye Shiru alinieleza kwamba Kiprono aliupokea mzigo dirishani, akauliza mara moja tu nimeenda wapi, akajibiwa kwamba haijulikani, akaketi, akala chakula chake mpaka mwisho. Kisha akarudisha sahani.

Ijumaa nilikwenda Rongai. Nilijiambia nitakaa nyuma, nitaimba nyimbo mbili na kurudi. Kulikuwa na mahema, spika zinazopiga mluzi, kwaya ya akina mama wenye vitambaa vya zambarau, na harufu ya wali na nyama ya ng'ombe kutoka kwenye sufuria kubwa nyuma ya nyumba. Aliyesoma historia yake alisema Kiprono alianza kama tanboi, akawa dereva, akanunua lori lake, akaacha watoto na wajukuu. Mai Mahiu haikutajwa, na sikuona sababu itajwe. Lakini Shiru, ambaye umri haujamfundisha kunyamaza, alinishika mkono baada ya mazishi akanipeleka moja kwa moja kwa mjane, akanitambulisha kwa jina. Mjane huyo, Mama Kibet, alikuwa ameketi chini ya hema, mwanamke mnene mwenye uso mtulivu, viatu amevivua. Alinishika mkono wangu kwa mikono yake miwili na hakuuachilia.

"Wewe ndiye Wairimu wa nguo," akasema. "Alinieleza hiyo maneno kabla hatujaoana. Na hata juzi akiwa mgonjwa alirudia. Alisema hakuwahi kujua alikosea wapi. Sasa niambie mimi. Alikosea wapi?"

Nikamwambia hakukosea.

"Nilikuwa naogopa, Mama Kibet. Kila akienda safari. Nilikuwa naogopa mpaka nikaona nitaharibika akili."

Alitikisa kichwa polepole, akawatazama watu waliokuwa wanapita na sahani. Nilidhani amemaliza na mimi.

"Na unadhani mimi sikuwa naogopa?" akasema. "Hiyo miaka yote. Naogopa, namfulia. Naogopa, namzalia watoto. Hata akiwa hapa ndani ya nyumba, amelala, naogopa." Akanifinya mkono kidogo, bila ubaya wowote. "Ni vile tu mimi nilikaa."

Kisha akamwita binti yake aniletee kiti na chakula, akamwambia mgeni huyu ametoka mbali.